NAKALA ZA AKIBA ZA HIFADHIDATA KATIKA MASHINE PEPE

Tarehe 31 Januari 2017, yapata saa 5 usiku kwa saa za Greenwich, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab alikuwa akihangaika na seva mbili za hifadhidata. Ya kwanza ndiyo iliyokuwa kuu, ikipokea kazi za wateja. Ya pili ilikuwa pacha wake, iliyopaswa kufuata kila badiliko la ile kuu, lakini usiku huo ilikuwa imebaki nyuma na kukataa kufuata tena. Mhandisi aliamua kuifuta data iliyomo katika pacha ili aanze upya. Amri aliyoiandika ilikuwa sahihi, ila aliiandika katika seva isiyokuwa yenyewe. Alipotambua kosa na kuisimamisha amri ile, zilikuwa zimepita sekunde moja au mbili tu. Katika data ya gigabaiti 300 hivi zilisalia gigabaiti 4.5.

Kampuni hiyo, ambayo kazi yake ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, haikuwa ya watu wasiojua thamani ya nakala za akiba. Kwenye karatasi ilikuwa na njia kadhaa za kujikinga. Nakala ya hifadhidata ilipaswa kutolewa kila baada ya saa 24 na kupelekwa katika ghala la mbali. Ghala lilipofunguliwa likaonekana tupu. Programu ya kutolea nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, hali hifadhidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, na kwa sababu ya tofauti hiyo programu ilikuwa ikishindwa kazi kila siku. Barua za elektroniki za kuarifu kushindwa huko zilitumwa, lakini zilikataliwa njiani kwa kukosa alama ya uthibitisho, hivyo hazikumfikia mtu. Seva za kampuni zilikuwa mashine pepe katika mitambo ya Microsoft, na mitambo hiyo iliweza kuchukua picha za diski. Huduma hiyo ilikuwa imewashwa kwa seva za faili, wala haikuwashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichookoa jahazi ni picha moja ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa 11 na dakika 20 jioni, karibu saa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa ya majaribio.

Kuirejesha picha hiyo kulichukua saa 18 hivi, kwa kuwa diski za seva ya majaribio zilikuwa za mwendo wa pole. Yote yaliyoandikwa katika hifadhidata baada ya picha kuchukuliwa yalipotea. Kampuni ilikadiria kwamba miradi 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700 ziliguswa na hasara hiyo. Jambo la kushukuru ni kwamba kampuni ilieleza mkasa wote hadharani, hatua kwa hatua, bila kumtupia lawama mhandisi wake. Kwa sababu hiyo wanafunzi wa fani hii wanapata leo mfano kamili ambao aghalabu hufichwa.

Mkasa huo una mafunzo mawili yaliyofungamana. La kwanza ni la kiufundi: hifadhidata inayofanya kazi ndani ya mashine pepe hainakiliki kama faili la kawaida. La pili ni la mpango: nakala hutolewa kwa sera iliyopimwa kwa hesabu, na sera hiyo haina uzito wowote mpaka data irejeshwe kweli kutoka katika nakala.

MASHINE NDANI YA MASHINE

Mashine pepe ni kompyuta iliyoumbwa na programu. Kompyuta moja ya chuma na waya huendeshwa na programu simamizi, nayo hugawa uwezo wa kompyuta hiyo kwa mashine pepe kumi, ishirini au zaidi, kila moja ikijiona kuwa peke yake. Wazo hili si geni. IBM ya Marekani ililifanyia kazi katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370 ulioeneza njia hiyo katika kompyuta kubwa za wakati huo. Kilichobadilika tangu mwisho wa miaka ya 1990 ni kwamba hata kompyuta ndogo zimepata nguvu za kutosha kubeba mzigo huo.

Kwa mtunza nakala, jambo lenye uzito ni hili: diski ya mashine pepe, kwa kawaida, ni faili moja kubwa katika diski ya mashine mama. Basi hushawishika mtu kusema kwamba akilinakili faili hilo amenakili kila kitu kwa pamoja, yaani mfumo endeshi, programu na data. Tena programu simamizi humpa njia ya haraka ya kufanya hivyo, nayo ni picha ya diski. Picha hii haihamishi data yote. Huweka alama kuonyesha diski ilivyokuwa katika nukta ile ya wakati. Tangu hapo kila kinachoandikwa upya huwekwa pembeni, na yale ya zamani hubaki yalivyo. Ndiyo maana diski ya terabaiti nzima hupigwa picha kwa sekunde chache. Lakini kwa sababu hiyo hiyo picha hukaa katika ghala lile lile la diski asilia, na likiungua ghala, vyote viwili huungua pamoja. Picha ya diski haiwi nakala ya akiba mpaka yaliyomo yahamishiwe mahali pengine.

DAFTARI NA LEJA

Kwa mashine nyingi, kama ile inayotunza kurasa za matangazo, picha ya diski iliyohamishwa inatosha. Kwa hifadhidata lipo tatizo, na mwalimu anaweza kulionyesha darasani kwa chaki tu. Na aandike ubaoni akaunti 10, kila moja ikiwa na shilingi 1,000, jumla shilingi 10,000. Mwanafunzi mmoja anakili akaunti hizo katika karatasi polepole, kuanzia ya 1 hadi ya 10. Mwanafunzi wa pili, wakati huo huo, ahamishe fedha ubaoni. Mwandishi anapokuwa ameipita akaunti ya 2 bila kuifikia ya 9, shilingi 300 zihamishwe kutoka ya 2 kwenda ya 9. Karatasi itaonyesha shilingi 1,000 katika ya 2 na shilingi 1,300 katika ya 9, na jumla itakuwa 10,300. Zimezaliwa shilingi 300 zisizokuwapo. Zikihamishwa kinyume, kutoka ya 9 kwenda ya 2, jumla itakuwa 9,700. Hakuna mwanafunzi aliyekosea kuandika. Kosa ni kwamba ukurasa ulinakiliwa ilhali unabadilika.

Hivyo ndivyo inavyotokea faili la hifadhidata likinakiliwa hivi hivi wakati programu inafanya kazi. Na hali halisi ni mbaya zaidi, maana hifadhidata haiandiki kila badiliko diskini papo hapo. Hushika kurasa zake katika kumbukumbu ya kompyuta (katika PostgreSQL na SQL Server ukurasa ni wa kilobaiti 8) na kuzipeleka diskini baadaye, inapopata nafasi.

Je, umeme ukikatika kabla hazijapelekwa? Jibu lilitengenezwa katika miaka ya 1970, na miongoni mwa waliolijenga ni Jim Gray na wenzake katika maabara ya IBM huko San Jose. Ni utaratibu ambao mwenye duka yeyote mwangalifu angeutambua. Mwenye duka huandika kila mauzo katika daftari la siku pale pale mteja anapolipa, na jioni, duka likitulia, huhamishia hesabu katika leja. Leja ikichafuka au ikiachwa nusu, daftari litaikamilisha. Hifadhidata nayo ina daftari lake la mabadiliko, na sharti lake ni kwamba hakuna muamala unaohesabiwa kuwa umekamilika mpaka uwe umeandikwa daftarini na daftari limekaa diskini. Baada ya ajali programu husoma daftari, hurudia yaliyokamilika, na kufuta yaliyoachwa katikati.

Sasa picha ya diski inaeleweka vizuri zaidi. Ikichukuliwa ghafla, pasipo programu ya hifadhidata kuarifiwa, hali ya diski katika picha ni sawasawa na hali ambayo ingekuwapo kama umeme ungekatika katika nukta ile. Hifadhidata za leo zimeundwa kuinuka kutoka hali hiyo, hivyo si haki kuidharau picha ya ghafla. Lakini ina sharti moja ambalo husahauliwa mno. Ni desturi nzuri kuiweka leja katika diski pepe moja na daftari katika nyingine ili kuongeza mwendo. Diski hizo zikipigwa picha kwa zamu, hata kwa kupishana sekunde tatu, daftari na leja havitalingana, na hakuna programu itakayoweza kuvipatanisha kwa uhakika. Diski zote za hifadhidata lazima zipigwe picha katika nukta moja.

Njia bora ni picha ya makubaliano. Programu simamizi hutuma ujumbe ndani ya mashine pepe. Programu ya hifadhidata humwaga diskini kurasa zilizomo katika kumbukumbu, husimamisha uandishi kwa muda mfupi, picha huchukuliwa, kisha kazi huendelea. Katika mifumo ya Windows kazi hiyo husimamiwa na huduma iliyoanza na Windows XP na Windows Server 2003, nayo hairuhusu uandishi usimamishwe kupita sekunde 60. Katika Linux ipo amri ya kugandisha mfumo wa faili, ila mtunzaji hana budi kuandika mwenyewe maagizo ya kutekelezwa kabla ya picha na baada yake. Akisahau yale ya baada, mashine itabaki imeganda, na wateja watamjulisha.

SERA HUANZA NA MASWALI MAWILI

Wengi huanza sera kwa kuuliza nakala itolewe saa ngapi. Swali hilo ni la mwisho. La kwanza ni hili: ikitokea ajali, taasisi inaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Na la pili: inaweza kukaa muda gani bila hifadhidata? Maswali haya hayajibiwi na fundi. Hujibiwa na mwenye kazi, awe mhasibu, daktari au mkuu wa chuo, na fundi huyageuza majibu yake kuwa ratiba.

Na ichukuliwe taasisi ya kufikirika yenye hifadhidata ya karo na matokeo, ukubwa wake gigabaiti 200. Kila siku hubadilika sehemu ya gigabaiti 10, na daftari la mabadiliko la siku nzima lina gigabaiti 10 pia. Mhasibu asema hasara isizidi kazi ya dakika 15. Kutoa nakala kamili kila dakika 15 haiwezekani. Hivyo nakala kamili hutolewa mara moja kwa juma, saa 6 usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Katika siku sita zinazofuata, saa hiyo hiyo, hutolewa nakala ya tofauti, yaani yale yote yaliyobadilika tangu nakala kamili: gigabaiti 10 usiku wa Jumatatu, 20 usiku wa Jumanne, hadi 60 usiku wa Jumamosi, ikiwa sehemu zinazobadilika hazijirudii. Na kila dakika 15 hunakiliwa kipande cha daftari.

Ajali ikitokea Alhamisi saa 4 na dakika 40 asubuhi, hurejeshwa nakala kamili ya Jumapili, kisha nakala ya tofauti ya usiku wa Jumatano, halafu vipande vya daftari kuanzia kile cha saa 6 na robo usiku hadi kile cha saa 4 na nusu asubuhi. Vipande hivyo ni 42, na hasara ni kazi ya dakika 10. Lakini vipande hivi ni pingu za mnyororo mmoja. Kikikosekana kipande cha 17, urejeshaji utafika kile cha 16, yaani saa 10 alfajiri, na hapo utakoma. Vipande 25 vinavyofuata, hata viwe vizima kabisa, havitafaa kitu.

Jibu la swali la pili nalo lipimwe kwa hesabu. Ikiwa nakala ziko mbali na huletwa kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 12.5 kwa sekunde. Nakala kamili na ile ya tofauti ya Jumatano ni gigabaiti 230, yaani megabaiti 230,000. Zitahitaji sekunde 18,400, ambazo ni zaidi ya saa 5, kabla ya vipande vya daftari na kabla ya kazi yenyewe ya kurejesha. Kama mkuu wa taasisi alikwisha ahidi kwamba huduma itarudi ndani ya saa 2, ahadi hiyo imevunjika kabla ajali haijatokea. Dawa yake ni kuwa na nakala mbili, moja ya karibu kwa ajili ya haraka na moja ya mbali kwa ajili ya moto.

Kwa juma moja akiba hii hula gigabaiti 200 za nakala kamili, 210 za nakala sita za tofauti na 70 za daftari, jumla 480. Majuma manne ni 1,920. Hata hivyo nakala kamili ya juma la kwanza haiwezi kufutwa mpaka kipande cha mwisho kinachoitegemea kimalize muda wake, kwa hiyo ghala lipangwe kwa majuma matano, gigabaiti 2,400. Nakala kamili kila usiku kwa siku 28 zingekula 5,600.

MIKONO MIWILI KATIKA MNYORORO MMOJA

Katika taasisi nyingi mtunza mashine pepe na mtunza hifadhidata ni watu wawili, pengine wa idara mbili. Wa kwanza huweka programu inayonakili mashine zote kila usiku. Wa pili, asiyeiamini programu ya mwenzake, huweka ratiba yake mwenyewe ndani ya hifadhidata. Kila mmoja huona amefanya hisani. Lakini katika SQL Server, nakala kamili ikitolewa na mtu mwingine kwa njia ya kawaida, nakala za tofauti zinazofuata huhesabiwa tangu nakala hiyo mpya, na yule mwenye nakala ya Jumapili atashangaa siku ya ajali kuona kwamba haziungani na ya kwake. Kadhalika kipande cha daftari kikishanakiliwa huondolewa daftarini ili kupisha nafasi. Watu wawili wakinakili daftari moja, nusu ya mnyororo itakuwa ghala hili na nusu ghala lile.

Ipo na hatari ya upande wa pili: kila mmoja kudhani kwamba mwenzake ndiye anayenakili daftari. Hapo daftari halipunguzwi kamwe. Hukua mpaka likajaza diski, na hifadhidata husimama kupokea kazi. Sera basi itaje kwa maandishi ni programu ipi inayoshika mnyororo wa daftari, na programu nyingine zote zitoe nakala za pembeni zisizougusa. Chaguo hilo limo katika programu zote kubwa za aina hii, kwa kawaida ni kisanduku kimoja cha kutiwa alama.

Kuhusu hifadhidata pacha, neno moja latosha. Pacha husaidia mashine kuu ikifa. Haisaidii mtu akifuta jedwali kwa makosa, maana pacha mtiifu hulifuta naye baada ya nusu sekunde.

UMBALI, NA KUJARIBU

Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la seva la kampuni ya OVH liliteketea huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa pale pale. Tarehe 26 Septemba 2025 moto ulioanzia katika betri uliharibu kituo cha serikali huko Daejeon, Korea Kusini. Ghala la nyaraka za watumishi wa serikali, lenye terabaiti 858, halikuwa na nakala nje ya kituo. Umbali, kwa hiyo, ni sehemu ya sera. Na uwe umbali wa madaraka pia: mwenye ruhusa ya kufuta hifadhidata asiwe na ruhusa ya kufuta nakala zake, kwani mwizi akiiba neno lake la siri atafuta vyote.

Lililobaki ndilo lililoiangusha GitLab. Kukosekana kwa taarifa ya kushindwa kulichukuliwa kuwa ni kufaulu. Sera nzuri hudai taarifa ya kufaulu kila siku, pamoja na ukubwa wa nakala. Ikiwa jana ilikuwa gigabaiti 200 na leo ni baiti chache, mtu na aitwe. Zaidi ya hapo, nakala irejeshwe kweli, walau mara moja kwa mwezi, na hapa mashine pepe hulipa fadhila. Fundi huumba mashine mpya kwa dakika chache, hurejesha nakala ndani yake, huamuru programu ikague kurasa zote, hulinganisha idadi ya safu katika majedwali makubwa, hupima muda uliotumika, kisha huifuta. Mashine hiyo itengwe na mtandao. Isipotengwa itajidhania kuwa ndiyo ile asilia, na wazazi watapokea mara ya pili ujumbe wa kudai karo waliyokwisha lipa.

MAZOEZI

1. Katika jaribio la akaunti 10, buni utaratibu utakaomwezesha mwanafunzi wa kwanza kupata nakala yenye jumla ya 10,000 bila kumsimamisha mwenzake, ukitumia daftari la mabadiliko.

2. Katika mfano wa taasisi ya kufikirika, ajali yatokea Jumamosi saa 8 na dakika 5 mchana. Taja nakala zote zitakazorejeshwa kwa mpangilio wake, idadi ya vipande vya daftari, na kazi ya dakika ngapi itakayopotea.

3. Mhasibu akibadili jibu lake na kusema hasara ya siku nzima yavumilika, ni sehemu ipi ya ratiba itakayoachwa, na ghala la majuma matano litapungua kwa gigabaiti ngapi?